Dawa ya Sonona Inaposomeka kama Dawa ya Kulevya

Nilipoomba kazi ya kuhudumia wazee hapa Marekani, kipimo cha mkojo kilidai kuwa natumia amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, ilhali dawa pekee niliyokuwa nikimeza ni bupropioni, niliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya sonona. Katika vikombe vya kupimia mkojo, vyenye safu moja kwa kila dawa, mstari ukijitokeza huna dawa hiyo mwilini; wangu, kwenye safu ya amfetamini, haukujitokeza.

Vipimo hivi vya haraka hutumia kingamwili, ambazo hunasa si dawa inayotafutwa peke yake, bali pia kemikali nyingine zenye umbo la kuikaribia. Ndiyo maana bupropioni na trazodoni huweza kusomeka kama amfetamini, setralini, nayo ya sonona, kama benzodiazepini (dawa za kutuliza wasiwasi), na kwetiapini, ya magonjwa ya akili, kama methadoni (dawa ya jamii ya afyuni). Hata klopromazini, ambayo wengi nyumbani tunaijua kwa jina la Largactil, imo katika kundi hili.

Ukikutwa na hali hii, omba kwa maandishi sampuli ileile ipelekwe maabara kwa kipimo cha uthibitisho, kinachotenganisha kemikali moja moja na kuitambua kila moja kwa uzito wa molekuli yake na vipande vyake. Nasisitiza sampuli ileile, kwa sababu mkojo mwingine ukitolewa baada ya siku kadhaa, mwajiri anaweza kudai kwamba dawa imekwisha kutoka mwilini. Yangu ilithibitishwa kuwa safi. Madereva wa malori walio chini ya kanuni za serikali kuu hupimwa uthibitisho kabla daktari mkaguzi, yaani anayepitia matokeo ya vipimo, hajawapigia simu, na wana saa 72 za kuomba chupa ya pili ya sampuli ileile ipimwe katika maabara nyingine.

Tofautisha hali hii na ya anayemeza klonazepamu, ambayo ni benzodiazepini, au dawa ya amfetamini yenyewe: kwake uthibitisho utaikuta dawa kweli, na kinga yake ni cheti cha daktari.

Orodha ya dawa zako mpe daktari mkaguzi au maabara. Msimamizi wa kazi hana haja ya kujua unaugua nini. Na tafadhali, ndugu yangu, usiache dawa ili ufaulu kipimo. Kuacha venlafaksini, dawa nyingine ya sonona, ghafla, kwa mfano, huleta kizunguzungu, kichefuchefu na mishtuko kichwani kama ya umeme, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Zungumza kwanza na aliyekuandikia, naye akupe barua inayotaja dawa na dozi yake.