Maswali na Majibu: Namba za Eko Zimepimwaje?

Nilipimwa eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) mwezi uliopita na EF, yaani sehemu ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo, ikawa asilimia 62. Wiki hii, katika hospitali nyingine, imekuwa 54. Mimi ni mwanamume wa miaka 48 na sina dalili yoyote. Je, moyo umeanza kuchoka?

Yaelekea kilichobadilika ni mpimaji, si moyo. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya eko vya Marekani na Ulaya wa mwaka 2015 unaweka kiwango cha kawaida kuwa asilimia 52 hadi 72 kwa mwanamume na 54 hadi 74 kwa mwanamke, kwa hiyo majibu yako yote mawili yamo ndani ya mipaka. Mwongozo huohuo unataka ukingo wa ndani wa chumba cha chini cha kushoto uchorwe katika mikato (pande za kuutazama moyo) miwili, wa vyumba vinne na wa vyumba viwili, moyo ukiwa umejaa na ukiwa umejikamua. Mpimaji akiiweka probu (kifaa kinachoshikwa juu ya kifua) juu kidogo ya mahali pake, ncha ya moyo hukatika, chumba huonekana kifupi, na hesabu yote huharibika hata kama mchoro ni safi. Ripoti mbili ulizonitumia hazisemi kama EF ilichorwa au ilikadiriwa kwa jicho. Hazina urefu wako, uzito wako wala shinikizo lako la damu la siku hiyo. Ukirudia kipimo, kirudie mahali pamoja, kwa njia ileile, na uombe picha zenyewe zinazotembea, kwa sababu karatasi haiwezi kukaguliwa na daktari mwingine.

Je, ni lazima nifunge kula kabla ya eko?

Hapana, isipokuwa ile ya kumeza mpira kooni.

Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu, tunapima wanafunzi kutafuta madhara ya homa ya baridi yabisi kwenye vali (milango ya moyo). Watoto wengi wanaonyesha rangi ya damu inayorudi nyuma kwenye vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Wote niwaandike wagonjwa?

Marahaba, na tafadhali usiwaandike. Damu kidogo hurudi nyuma hata katika vali nzima, na mashine iliyowekewa kipimo cha rangi cha chini huikuza ikaonekana mto. Pandisha kipimo hicho hadi mwisho kabla ya kupima urefu wa mkondo. Vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya mwaka 2012 vinadai mambo manne kwa pamoja: mkondo uonekane katika mikato miwili, ufike angalau sentimita 2 katika mmojawapo, uwe na mwendo wa mita 3 kwa sekunde au zaidi, na udumu kipindi chote cha moyo kujikamua. Toleo la mwaka 2023 limeshusha urefu hadi sentimita 1.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, jambo ambalo wapimaji wengi bado wanalipuuza. Kisha angalia umbo la vali: kwa mwenye miaka 20 au chini, jani la mbele lenye unene wa milimita 3 au zaidi lina kasoro, lakini zima hamoniki (mpangilio wa mashine wa kuing'arisha picha) kwanza, maana huinenepesha vali kwenye kioo. Mtoto aliyeandikwa mgonjwa kwa haraka anaweza kuchomwa penisilini kila mwezi kwa miaka, na aliyeachwa kwa uzembe atarudi akiwa hawezi kupanda ngazi. Hifadhi picha za wote wawili.

Naambatanisha picha ya ripoti yangu, naomba tafsiri.

Nimekwisha sema mara nyingi: sisomi karatasi iliyopigwa picha gizani, isiyo na umri, dalili wala sababu ya kupimwa. Mrudie aliyekuandikia kipimo.

Mama yangu ana mapigo yasiyo na mpangilio. Kwa nini mpimaji alirudia kipimo kilekile mara nyingi?

Kwa sababu anaijua kazi yake. Katika hali hiyo kila pigo lina nguvu yake, na wastani wa mapigo yasiyopungua 5 ndio unaokubalika. Anayechagua pigo moja zuri anajipendelea.

Baba ana vali ya aota, mlango wa kutolea damu moyoni, iliyosinyaa. Mpimaji aliiweka probu upande wa kulia wa kifua, juu, ilhali moyo uko kushoto. Je, alikosea?

Hakukosea hata kidogo. Wanaokosea ni wale wasiofika huko. Mawimbi hupima mwendo wa damu kwa usahihi pale tu yanapofuata njia ileile inayopita damu, na yakienda mshazari, namba hushuka. Tuseme kutoka kwenye ncha ya moyo amepata mita 3.6 kwa sekunde, na kutoka upande wa kulia 4.2. Tofauti ya shinikizo hupatikana kwa kuzidisha mraba wa mwendo mara nne, kwa hiyo ya kwanza inatoa takriban milimita 52 za zebaki na ya pili takriban 71. Mpaka wa ugonjwa mkali ni mita 4 kwa sekunde, na aliye juu ya mpaka huo mwenye dalili hujadiliwa kubadilishiwa vali, huku aliyepimwa vibaya akirudishwa nyumbani na tarehe ya mwakani. Hakikisha ripoti ya mzee imeandika namba kubwa kuliko zote pamoja na mahali ilipopatikana, ili atakayempima safari ijayo aanzie hapohapo.