Maswali ya Wasomaji: Kuzunguka Japani kwa Mkaazi wa Muda Mrefu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesomea shahada ya uzamili mjini Tokyo, na huu ni mwaka wangu wa pili. Ninaishi Urawa, katika mkoa wa Saitama, na kila siku hupanda treni ya Keihin-Tohoku hadi Ueno kwa tiketi ya msimu, kisha jioni hupitia dukani na kurudi nyumbani. Mwezi wa tatu kaka yangu atakuja kunitembelea, naye ameshauriwa anunue pasi ya reli ya watalii ili twende wote Kyoto. Je, nami ninaweza kuinunua? Na nifanyeje ili niujue mji huu, ilhali fedha za ufadhili zinaishia kwenye kodi ya nyumba na chakula?
Mwanafunzi, Urawa

JIBU: Dada mpendwa, pasi hiyo, yaani Japan Rail Pass, huuzwa kwa wageni walioingia nchini kwa matembezi ya muda mfupi na kugongewa muhuri wa hadhi hiyo katika pasipoti. Wewe mwenye kadi ya ukaazi hutaruhusiwa kuitumia. Hata hivyo, sioni kwamba inamfaa kaka yako pia. Mnamo Oktoba 2023 bei ya pasi ya siku saba, ya behewa la kawaida, ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, ambapo kwenda Kyoto na kurudi Tokyo kwa Shinkansen, yaani treni ya mwendokasi, hugharimu takriban yeni 28,000. Hata akifika Hiroshima na kurudi, hatafikisha bei ya pasi. Amweleze hivyo aliyemshauri, na fedha itakayobaki muitumie kwa malazi.

Wewe mwenyewe ulizia chuoni hati ya punguzo la wanafunzi, ambayo huitwa gakuwari. Kwa safari ya reli za JR (Japan Railways, kampuni kuu za reli nchini) inayozidi kilomita 100 kwa upande mmoja, nauli ya msingi hupungua kwa asilimia 20, ingawa ile nyongeza ya treni ya mwendokasi hulipwa yote; kwa Kyoto utaokoa zaidi ya yeni 1,600 kila upande. Ipo pia tiketi ya Seishun 18, ambayo huuzwa misimu ya likizo za shule, mwezi wa tatu ukiwamo, na haina sharti la umri wala la uraia. Ya siku tatu mfululizo ni yeni 10,000, nayo huruhusu treni za kawaida tu, hivyo Tokyo hadi Kyoto huchukua takriban saa tisa, pamoja na kubadilisha treni mara kadhaa. Mimi ningewashauri mwende kwa njia hii na kurudi kwa Shinkansen. Wakati wa kwenda, baada ya kituo cha Odawara kaeni upande wa kushoto, kwa maana reli hupita kwenye mteremko ulio juu ya bahari pale Nebukawa. Mkishaipita Numazu hamieni kulia, na mbingu ikiwa safi mtauona mlima Fuji. Kisha, baada ya Hamamatsu, treni huvuka mdomo wa ziwa Hamana, maji yakiwa pande zote mbili.

Swali lako la pili ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu nimewaona wenzetu wengi wakimaliza masomo na kuondoka bila kuujua mtaa hata mmoja kati ya ile waliyoipita kila siku. Tiketi yako ya msimu inakuruhusu kushuka katika kituo chochote kilicho kati ya Urawa na Ueno, mara nyingi upendavyo, bila kulipa hata yeni moja. Anza na Oji. Kando ya kituo kuna bustani ya Asukayama, ambako shogun (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune aliamuru ipandwe micheri katika karne ya 18 na kuwaruhusu raia wa kawaida wastarehe chini yake. Mwishoni mwa mwezi wa tatu kaka yako anaweza kuikuta imechanua. Shibusawa Eiichi, ambaye sura yake imo katika noti ya yeni 10,000 iliyotolewa mwaka 2024, aliishi hapo hapo, na makumbusho yake yamo ndani ya bustani.

Oji pia hupita tramu ya Arakawa, ambayo ni masalia ya mtandao wa tramu za serikali ya jiji uliokuwa umeenea kote Tokyo. Njia yake ina kilomita 12.2, kutoka Minowabashi hadi Waseda, nayo hupita karibu sana na nyuma za nyumba za watu, hata utaona nguo zilizoanikwa na maua ya vyungu. Tiketi yako haifanyi kazi humo, lakini nauli ni ndogo. Shuka Koshinzuka, utembee katika mtaa wa maduka wa Sugamo, ambao wateja wake wengi ni wazee. Ukiwasalimu kwa Kijapani chako cha darasani watakujibu kwa furaha. Siku nyingine shuka Nippori, uingie Yanaka kwa miguu, mtaa wenye mahekalu mengi ya Kibuddha na vichochoro vilivyosalimika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

SWALI: Ninaishi Nagoya na familia yangu, na tungependa kwenda Kobe kwa swala ya Idi. Kila tunapolala hotelini huombwa pasipoti. Je, ni lazima?
Baba wa watoto wawili, Nagoya

JIBU: Sheria inazitaka hoteli zichukue uraia na namba ya pasipoti ya mgeni asiye na makazi ndani ya Japani. Wewe andika anwani yako kamili ya Nagoya katika fomu, na ueleze kwa upole kwamba unaishi nchini. Kadi ya ukaazi uwe nayo wakati wote, kwa kuwa sheria inamtaka kila mkaazi wa kigeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi aichukue anakokwenda; ukiwa nayo, hulazimiki kubeba pasipoti. Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935 na ambao ndio wa kwanza nchini, ulinusurika mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko la ardhi la mwaka 1995. Kutoka kituo cha Sannomiya mnaweza kutembea hata mkiwa na watoto, na duka la vyakula vya halali liko hatua chache kutoka mlangoni.