Uliza Tukujibu: Logo ipi ya Cartoon Network ndo yenyewe?

Wiki hii maswali yamemiminika na mengi ni ya chaneli za katuni, nadhani ni kwa sababu shule zimefungwa na rimoti ziko mikononi mwa watoto. Nimechukua manne.

Fundi mabango, Manzese: Habari za kazi mhariri. Mi nachora mabango na kuta, nimepata tenda ya deikea moja Tabata, mama mwenye deikea akataka na logo ya Cartoon Network. Nikamchorea ile ya C na N kwenye viboksi viwili, akaja akasema siyo hiyo, yenyewe ina maneno mazima kwenye viboksi vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti. Mwalimu wake mmoja kijana naye akadakia eti wote tumekosea, siku hizi ina rangi rangi. Hela yangu ya mwisho imekwama hapo. Nani yuko sahihi?

Fundi pole na majukumu. Wote watatu mko sahihi, shida ni kwamba kila mmoja amebeba logo ya enzi zake anaona nyingine zote feki.

Ya mama ndo ya kwanza kabisa. Cartoon Network ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Oktoba 1992 kutoka Atlanta Marekani, chini ya kampuni ya Ted Turner, yule yule wa CNN, ambaye mwaka mmoja nyuma alishainunua Hanna-Barbera yenye kina Scooby-Doo na Flintstones, kwa hiyo mzigo wa katuni za zamani wa kujaza masaa 24 alikua nao tayari. Logo ilikua viboksi 14, saba juu saba chini, kila kiboksi herufi moja, cheusi chenye herufi nyeupe kinafuatiwa na cheupe chenye herufi nyeusi mpaka mwisho.

Sasa hapa wewe fundi utanielewa haraka kuliko wasomaji wengine. CARTOON ina herufi 7, NETWORK nayo ina 7, na saba haigawanyiki kwa mbili. Ukianza na C kwenye cheusi ukaenda zako cheusi cheupe cheusi cheupe, N ya mwisho ya juu inaangukia kwenye cheusi, halafu unashuka chini N ya kwanza inaingia kwenye cheupe, na ukiangalia vizuri kila cheusi chini yake kuna cheupe na kila cheupe chini yake kuna cheusi, yenyewe tu bila kulazimisha. Ukijumlisha unapata vyeusi saba na vyeupe saba. Maneno yangekua ya herufi nane nane mchezo ungeharibika pale pale, rangi zingepangana wima ungekua kama umechora uzio. Na kwenye skrini ina faida nyingine, maana katuni ina kila rangi, mara bahari ya bluu mara mlipuko wa njano, logo ya rangi moja inamezwa, lakini hii inatembea na nyeusi yake na nyeupe yake, lazima upande mmoja uonekane tu. Mi sijaona logo ya chaneli ya watoto iliyofikiriwa vizuri kuliko hii, anayebisha aandike.

Hiyo uliyochora wewe ni ya tarehe 14 Juni 2004. Wakati huo walitengeneza mji mzima wa 3D ambao wahusika wa katuni tofauti tofauti wanakaa pamoja wanapishana barabarani kama majirani, kazi ya Animal Logic ya Australia, na logo nayo wakaipunguza. Wakachukua herufi ya kwanza ya kila mstari, C na weusi wake, N na weupe wake, zile 12 nyingine zikaenda na maji, jina zima likabaki kwa maandishi madogo chini. Kwa kona ya TV walikua na hoja, herufi 14 ukizibana pale juu hazisomeki. Waliokua wakati Ben 10 inatamba wanaijua hii tu.

Ya mwalimu ni ya tarehe 29 Mei 2010. Walirudi kwenye viboksi 14, ila herufi zimechorwa upya zimenyooka zaidi, na kampuni ya Brand New School iliyofanya kazi hiyo ikaongeza rangi tatu: samawati, pinki iliyokolea na njano. Hizo tatu ukiweka na nyeusi ndo wino nne za mashine ya kuprinti, muulize kijana yeyote wa steshenari atakwambia. C na N hazikufa, zimebaki kwa sehemu ndogo ndogo.

Kwa hiyo kwa ukuta mkubwa mchoree mama viboksi vyake 14, mwalimu muwekee rangi tatu pembeni, hapo hela itatoka.

Ila kabla hujachovya brashi kuna kitu mnakisahau. Mwaka 1989 huko Hallandale, Florida, deikea tatu zilichora kina Mickey Mouse ukutani, Disney wakawatishia kuwapeleka mahakamani mpaka michoro ikabidi itoke. Habari ikazagaa, watu wakakasirika, na hapo Universal na Hanna-Barbera wakajitokeza wakawaruhusu wachore katuni zao badala yake. Disney wakaonekana roho mbaya na wale wengine wakapata tangazo la bei chee, na Hanna-Barbera hiyo hiyo ndo miaka miwili baadae ikaangukia kwa Turner. Hata hapa kwetu alama za biashara zinalindwa na sheria ya mwaka 1986 na wanaosajili ni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Sisemi kesho kuna mtu anakuja Tabata na karatasi, ila mzazi akiona logo ya chaneli kwenye ukuta wa biashara anaweza kudhani wana ushirikiano wakati hawana. Mimi ningemshauri mama achorewe wahusika wa kwake mwenyewe, na hiyo kazi unaweza kumchaji zaidi.

Mwanafunzi wa Form Two, Mbagala: Shikamoo. Mjomba anasema logo ya Nickelodeon ni doa la rangi ya chungwa, mi nimekua naiona ni maandishi tu ya chungwa, tumebishana sana halafu kuja kuangalia hivi karibuni naona doa limerudi. Wanatuchezea?

Marahaba mwanangu. Mjomba ana haki yake na wewe una yako. Nickelodeon imeanza kwa jina hilo tarehe 1 Aprili 1979, na miaka ya mwanzo logo yao ilikua na gololi kubwa ya fedha imepita mbele ya maandishi ya rangi za upinde wa mvua, kitu kizito hivi, ungesema ni chaneli ya kutangaza magari. Mwaka 1984 wakawaita Fred Seibert na Alan Goodman, watu waliotokea MTV, wachoraji wakawa Tom Corey na Scott Nash, ndo likazaliwa doa.

Utamu wake ni kwamba doa halikua na umbo maalum. Sheria ilikua rangi ya chungwa na herufi nyeupe za mviringo, basi, umbo lenyewe leo samaki kesho unyayo keshokutwa roketi au mfupa wa mbwa. Makampuni mengi yanakupa kitabu kizima cha masharti, usisogeze hapa usiguse pale, hawa wakasema ibadilishe unavyotaka ilimradi iwe chungwa, na mtoto hata asiyejua kusoma akiona chungwa tu anajua ni wao.

Mwezi Septemba 2009 wakaliondoa wakaweka maandishi matupu ya herufi ndogo, hiyo ndo yako. Sababu ni kwamba walishakua na chaneli nyingi ndugu, kuna Nick Jr., kuna Nicktoons, kuna TeenNick, kila moja na sura yake, wakataka zifanane. Zikafanana kweli, zikapoa na zenyewe. Mwaka 2023 wakalirudisha doa, safari hii likiwa na umbo la kueleweka zaidi. Waliolipenda wakiwa watoto sasa hivi ndo wanaolipia king'amuzi, usidhani hilo hawakulipigia hesabu.

Mama wa watoto wawili, Kigamboni: Binti yangu mdogo akishika mwiko anachora maduara hewani huku anaimba vinoti vinne. Nimeambiwa ni mambo ya TV, naomba ufafanuzi kabla sijamsomea dua.

Dada dua msomee tu haina hasara, ila hiyo ni Disney Channel. Walianza Aprili 1983 na logo ya skrini yenye kichwa cha Mickey cha mistari, lakini iliyotuingia wengi ni ya 2002, kichwa na masikio mawili kwa mstari mmoja. Waigizaji wa vipindi vyao walikua wanajitaja jina, wanasema unaangalia Disney Channel, wanachora masikio hayo kwa kijiti kinachowaka na mlio wa noti nne unafuata. Mwaka 2014 masikio wakayahamishia kwenye kitone cha herufi i ya Disney. Mwiko mnyang'anye wakati wa kupika tu.

Konda, Kimara: Nimenunua TV flati kubwa ya mtumba, kona ya juu kuna kivuli cha logo ya chaneli, hata nikiweka mpira kipo, nikiweka taarifa ya habari kipo. Nimepigwa?

Umepigwa kaka. Hiyo inaelekea ni plasma, ambazo viwanda vikubwa vilikua vimeacha kuzitengeneza ilipofika mwisho wa 2014. Mle ndani kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe na inachoka kadri inavyotumika, sasa mwenye nayo wa kwanza aliacha chaneli moja siku nzima miaka na miaka, nukta za pale kwenye logo zikachoka tofauti na wenzake. Ndo maana chaneli nyingi siku hizi logo yao ya kona wanaifanya ipauke, nusu inaonekana nusu haionekani. Antena haihusiki na king'amuzi hakihusiki, na fundi akikwambia anakiondoa kwa elfu hamsini mkimbie. Punguza mwanga, utakizoea. Na ukienda kununua nyingine mwambie muuzaji aweke picha nyeupe tupu halafu ya kijivu, angalia kona zote nne kwa utulivu, ndo uingize mkono mfukoni.