Nafasi ya mihimili ni fupi mno, kaka

Umeuliza kwa nini vipande vyako vya alumini na rezini, ukivipima kupinda pale karakana ya Gerezani, vinaachana tabaka badala ya kuvunjika. Mihimili yako, yaani vile vishikio viwili ambavyo kipande kinalalia, imekaribiana mno. Kwa unene wa milimita 4, kuiweka milimita 40 ni kupima gundi, si kupinda. Tabaka zinateleza kwanza. ASTM D7264, kiwango cha kupima kupinda kwa vifaa vya mchanganyiko wenye rezini, kinataka nafasi iwe mara 32 ya unene, yaani milimita 128.

Hesabu ya mkazo wa kupinda, mzigo ukiwa katikati: 3 × nguvu × nafasi, gawanya kwa 2 × upana × unene × unene. Kipande cha upana wa milimita 15 kikikatika kwa nyutoni 300 kinakupa megapaskali 240. Unene unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo tafadhali upime sehemu kadhaa, usikisie. Na kwa mchanganyiko wa alumini na rezini, jibu hilo ni la wastani tu, maana kila tabaka inabeba mzigo wake.

Zikiachana bado, angalia maandalizi: msasa, asetoni, kisha paka rezini haraka. Unyevu wa Dar hauna huruma na alumini iliyoachwa wazi.