Kupima kufuli kwa rula ya mita

Mdogo wangu, umeuliza utajuaje gramu za kufuli wakati una rula ya mita, uzi na jiwe moja la mizani la gramu 100. Vinatosha kabisa.

Kwanza ning'iniza rula tupu kwa uzi, uisogeze hadi itulie mlalo. Usidhani itakuwa kwenye 50 kamili. Rula za mbao hulika pembeni, yangu hutulia kwenye 50.3. Hapo ndipo egemeo, usilihamishe tena, na uzito wa rula hautakusumbua.

Sasa funga kufuli sentimita 15 kutoka egemeo, kisha sogeza jiwe la mizani upande wa pili, taratibu. Tuseme rula imelala sawa jiwe likiwa sentimita 36 kutoka egemeo. Momenti (uzito mara umbali kutoka egemeo) za pande mbili zinalingana: kufuli × 15 = 100 × 36, yaani gramu 240.

Wengi hukosea hapa: wanasoma namba ya kwenye rula badala ya umbali kutoka egemeo. Kaza na fundo, maana kufuli likiteleza milimita 2 tu unapotea karibu gramu 3. Rudia kufuli likiwa sentimita 12 kutoka egemeo, halafu 18, uchukue wastani.