Mimba tatu zimetoka, naambiwa "mtajaribu tena"

*Shangazi, nina miaka 31, huu ni mwaka wa nne wa ndoa. Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya 8, ya pili wiki ya 9. Ya tatu ilifika wiki ya 17, tumbo limeanza kuonekana, nikajua sasa tumevuka. Usiku mmoja chupa ikapasuka nimelala, bila uchungu wa maana, na kulipokucha sikuwa na mtoto. Jana yake nilikuwa nimegeuza godoro peke yangu. Imepita miezi miwili. Kila mara daktari ananiambia "pole, mtajaribu tena". Mume wangu anasema yeye ni mzima, mbona mimba zinaingia. Rafiki amenipa vidonge vya projesteroni vilivyombakia. Nibebe tena haraka au nisubiri? Na jambo moja naona aibu kulisema: vile vipimo vitatu vya mkojo vyenye mistari miwili nimevifunga kwenye kitambaa, viko kwenye droo. Je, nimeanza kuchanganyikiwa?*

*Mwenye kitambaa*

Mwanangu, pole. Pole ya kila mmoja wao, siyo pole moja kwa wote watatu.

Nianze na godoro, maana umeliandika kama mtu anayekiri kosa. Godoro halikuitoa mimba yako. Kazi za kawaida za nyumbani, kulala na mumeo, kugombana, kulia usiku, hayo siyo yanayotoa mimba. Najua umeirudia siku ile kichwani mara nyingi, ukijiuliza kwa nini hukumsubiri mtu akushikie upande wa pili. Sasa basi, mwanangu. Hukumfanya mwanao chochote.

Kuhusu "mtajaribu tena": ukiambiwa hivyo baada ya mimba ya kwanza kutoka, si kosa. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, 1 au 2 hutoka, na karibu nusu ya zinazotoka mapema huwa kiinitete kilianza na hesabu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, isiyo sawa. Hiyo mara nyingi haijirudii. Lakini wewe si wa mara moja. Madaktari bingwa wa uzazi wa Ulaya na wa Marekani wanaanza uchunguzi mimba mbili zikishatoka. Uingereza wamezoea kuhesabu tatu. Kwa hesabu ya yeyote kati yao, zamu yako ya kuchunguzwa imeshafika, na inaniuma kwamba hakuna aliyekwambia.

Kwa hiyo nenda, na useme hivi: "Naomba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mimba tatu zimeharibika, nataka itafutwe sababu." Ukishasema, usiinuke kwenye kiti mpaka akuandikie.

Kabla ya kwenda, chukua daftari. Nilimsindikiza mdogo wangu kliniki kwa tatizo kama lako. Bingwa alipomuuliza ya pili ilitoka wiki ya ngapi, na kama mapigo ya moyo yalikuwa yameonekana, akaniangalia mimi. Machozi yakawahi kabla ya jibu, dakika tulizopewa zikaisha tunakisia. Wewe andika ukiwa nyumbani, umetulia: tarehe ya hedhi ya mwisho kwa kila mimba, wiki iliyotoka, ultrasaundi ilionyesha nini, damu ilianza lini, kama ulisafishwa kizazi, dawa ulizokuwa unatumia. Karatasi zozote ulizonazo zibandike humo humo.

Na kwenye daftari hilo ile ya tatu iandike ukurasa wake peke yake. Zile mbili za mwanzo na hii ya wiki ya 17 huenda hazina sababu moja, na nahofia zimewekwa kwenye kapu moja. Mimi si daktari wala sikupimi kwa barua. Ila mimba kubwa kiasi hicho, chupa kupasuka bila uchungu, humfanya bingwa aulize habari za shingo ya kizazi: je, ilikuwa inalegea na kufunguka kabla ya wakati? Wapo wanaoshonwa uzi kwenye shingo ya kizazi mapema mimba inayofuata. Wengine hupimwa urefu wake mara kwa mara kwa ultrasaundi ya ukeni, na ikionekana imefupika chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24, ndipo hushonwa. Maambukizi nayo yanaweza kupasua chupa, naye atayaangalia. Tamka neno "bila uchungu" kwa sauti. Usimwachie alitafute kwenye faili.

Vipimo vingine utavisikia. Kimoja usikubali kiachwe: kingamwili zinazofanya damu igande ovyo, ambazo kwa lugha ya hospitali ni antifosfolipidi. Hutafutwa kwenye damu, na zikionekana kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu mara nyingine hujitokeza na kupotea zenyewe. Nakisisitizia hiki kwa sababu tatizo hili lina tiba: aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini, unazojichoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo. Kisha tezi ya thairoidi, na sukari. Kisha umbo la kizazi chenyewe, kama kuna ukuta unaokigawa katikati au fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, iliyosukuma kuingia ndani. Na uliza kundi lako la damu. Kama ni hasi (Rh negativu), ulizia kama ulichomwa sindano ya kinga baada ya ile ya wiki ya 17.

Sasa mumeo. Mimba kuingia hakumaanishi kwamba yeye hahusiki. Kuna watu wazima kabisa, wenye nguvu zao, ambao vipande viwili vya kromosomu zao vimebadilishana mahali. Wenyewe hawadhuriki kwa kuwa hakuna kilichopungua, lakini mtoto anaweza kurithi pungufu au zaidi, na mimba ikatoka. Inaweza kuwa kwake, inaweza kuwa kwako. Si wengi, lakini wapo, na hujulikana kwa kupima damu ya wote wawili. Hata mbegu zenyewe zinaweza kuwa na vinasaba vilivyokatikakatika, na sigara huchangia. Usimwambie haya wakati wa ugomvi. Mwambie: "Nimeingia chumba cha daktari mara tatu peke yangu, safari hii nataka ukae kiti cha pembeni." Ninavyosoma barua yako, naye anaogopa, ila amejificha nyuma ya neno "mzima".

Vile vidonge mrudishie rafiki yako. Projesteroni si sumu, na kuna wanaosaidiwa nayo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2019 ulionyesha nafuu kwa wanawake waliokuwa wanatokwa damu katika mimba changa na waliwahi kupoteza mimba nyingine. Lakini utafiti wa 2015, kwa wanawake ambao mimba zilitoka mfululizo bila sababu kujulikana, haukuona tofauti na kidonge kisicho na dawa. Unaona ilivyo? Dawa hiyo ina mtu wake na wakati wake. Hata aspirini na heparini, kwa asiye na zile kingamwili, hazijaonyesha kumwongezea nafasi ya kuzaa. Kitu pekee cha kuanza sasa bila kusubiri majibu ni foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, isipokuwa daktari akikupa dozi nyingine.

Umeuliza usubiri au ubebe haraka. Ningesubiri, na mzungumze uzazi wa mpango wa muda mfupi. Mwili wako haujashindwa. Ni kwamba baadhi ya majibu husomeka vizuri ukiwa huna mimba, na zile wiki 12 za kurudia kipimo hazikimbiliki. Ikitokea umeshika kabla, usijilaumu. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Na damu ikikujaza pedi nzima ndani ya saa moja, au homa, au kuzirai, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Nikuandae kwa jambo moja gumu. Karibu nusu ya wanaopimwa hawaambiwi sababu yoyote. Huenda ukatoka pale na majibu yote mazuri, na ukalia kuliko ungeambiwa una ugonjwa. Siku hiyo kumbuka kwamba wengi wa hao wasio na sababu huja kupata mtoto kwenye mimba inayofuata au ya baada yake, na miaka yako 31 iko upande wako. Omba uonwe mapema mimba ikiingia, ultrasaundi mara kwa mara kwenye kliniki moja, na watu wanaoijua historia yako.

Hujachanganyikiwa. Mistari ile miwili ndiyo picha pekee uliyonayo ya wale wawili wa mwanzo. Kitambaa kiache ndani ya droo mpaka mwenyewe utakapotaka kukigusa, na ukimwonyesha mumeo kabla ya kwenda kliniki, huenda ndipo naye akaanza kusema. Ukirudi, niandikie bingwa amesema nini kuhusu ile ya wiki ya 17.

Shangazi yako