Kupandikiza nywele mara ya pili: mbele pasubiri, kagua kisogo kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama upasuaji wa pili wa kupandikiza nywele utakuongezea makovu juu ya hivyo vidoa ulivyonavyo kisogoni tangu ule wa kwanza, na kama ukubali punguzo ambalo kliniki ileile imekupa ili wakujazie mbele. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kichwa changu kimepita njia zote mbili. Mara ya kwanza nilikuwa naishi Uingereza, nikafanyiwa FUT, ule wa kukata ukanda wa ngozi kisogoni na kushona. Miaka baadaye nikafanyiwa FUE Istanbul, ule wa kuchomoa kishina cha nywele, yaani nywele pamoja na mzizi wake, kimoja kimoja. Matokeo yake nina mstari unaotoka sikio hadi sikio, na juu na chini yake nina vidoa vyeupe. Nikipita mashine namba tatu hakuna anayejua. Nikishuka namba moja, kila mtu anauliza nilipata ajali gani.

Nianze na ule usemi kwamba FUE haiachi kovu. Fanya hesabu mwenyewe. Kitobozi, kile kifaa cha kutobolea ngozi kuzunguka kishina, huwa na kipenyo cha milimita 0.8 hadi 1. Chukua milimita 1, vishina 3,000, idadi ya kawaida kabisa kule Uturuki. Matundu yote hayo ukiyakusanya ni zaidi ya sentimita za mraba 23, yaani nusu ya kadi ya benki. Matundu hunywea yakipona, kwa hiyo kovu halisi ni dogo kuliko hapo, lakini mstari wangu wa FUT, wenye urefu wa sentimita 25 na upana wa milimita 2, ni sentimita za mraba 5 tu. Kovu la FUE limetawanyika, ndiyo maana jicho halilioni haraka. Hilo la kutawanyika linakusaidia mradi nywele zilizobaki katikati ya matundu ni nyingi za kutosha. Zikipungua, kisogo kinaonekana kama kimeliwa na nondo.

Sasa huo upasuaji wa pili. Vishina vinavyochukuliwa kisogoni havioti tena pale vilipotoka. Daktari wa ngozi Orentreich wa New York alieleza mwaka 1959 kwamba nywele ya kisogoni ikihamishiwa mbele inaendelea na tabia ya kisogoni, haidondoki kirahisi, na biashara yote hii imesimama juu ya jambo hilo. Lakini akiba ni ileile uliyozaliwa nayo. Kila kishina kinachoenda mbele kimetoka nyuma moja kwa moja, na daktari akiishiwa katikati ataanza kupanda juu au kushuka chini, nje ya eneo salama, kwenye nywele ambazo zenyewe zinaweza kuja kupukutika. Hapo unabaki na vidoa visivyo na nywele za kuvifunika, na mbele vile vishina navyo vimekwenda.

Kuna na jambo la chini ya ngozi ambalo mimi sikuwahi kuambiwa na mtu wa mauzo. Kila tundu la zamani limeacha uzi wa kovu kwa ndani. Uzi huo hukaza ngozi na kuvuta vishina vya jirani, mwelekeo wake unabadilika. Fundi anapotoboa mara ya pili anadhani kishina kimelala upande fulani, kumbe kimeinama kwingine, anakikata. Kishina kilichokatwa kinaweza kufa, na tundu linabaki. Kwa sisi wenye nywele za kipilipili tatizo hilo lipo tangu mara ya kwanza, maana kishina chenyewe kimepinda ndani ya ngozi. Mtu aliyezoea nywele zilizonyooka akija na kitobozi chake kilekile, anaharibu. Muulize daktari wako ameshughulika na vichwa vya watu weusi vingapi, na uone picha za visogo vyao vikiwa vimenyolewa. Picha za mbele usijali, hizo kila kliniki inazo nzuri. Muulize pia ni nani hasa atakayetoboa. Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa fani hii, ISHRS, imekuwa ikionya kwa miaka kuhusu vituo ambako kazi ya kukata inafanywa na watu wasio na leseni ya udaktari huku jina la daktari likiwa mlangoni tu.

Vidoa kuwa vyeupe ni kwa sababu chembe za rangi hazikurudi vizuri kwenye kovu. Kwa Mzungu havionekani sana. Kwetu vinang'aa.

Wengine watakushauri ukate ukanda safari hii ili kisogo kisitobolewe zaidi. Inawezekana, na wapo madaktari wazuri wanaoshauri hivyo, ila ngozi yako lazima iwe bado inalegea. Daktari anaishika kwa vidole na kuisogeza juu na chini. Ikiwa imekaza, wakishona kwa kuvuta, kovu linapanuka taratibu katika miezi inayofuata hata kama siku ya kutoa nyuzi lilikuwa jembamba kama uzi. Aliyekwishakatwa ukanda kama mimi anapaswa kukatwa palepale, kovu la zamani litolewe pamoja na ukanda mpya, asiongezewe mstari wa pili. Na uulize kama wanapunguza ukingo mmoja wa jeraha kabla ya kushona, ili nywele ziote kupitia kovu lenyewe. Mimi nilifanyiwa hivyo na sehemu kubwa ya mstari wangu imejificha.

Keloidi. Hapa usicheze. Angalia masikio kama ulitoboa, kifua, mabega, na kovu la chanjo ya BCG. Kovu lililonenepa lakini limebaki ndani ya mipaka ya jeraha mara nyingi hutulia. Lililovuka mipaka na kusambaa kwenye ngozi ya pembeni isiyojeruhiwa ni keloidi, na linaweza kuanza miezi kadhaa baada ya jeraha kupona. Ukiwa nalo popote, au ndugu zako wa damu wanalo, sema kabla ya kulipa. Vilevile wale wenye vipele sugu vya kisogoni, vinavyoanza baada ya kunyolewa chini sana na kugeuka vinundu vigumu, watibiwe kwanza na daktari wa ngozi. Na keloidi likishatokea usikubali mtu alikate tu. Likikatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi kubwa kuliko mwanzo. Huwa wanaanza na sindano za steroidi ndani ya kovu.

Kitu kingine ambacho swali lako limenifanya nikiwaze: umesema nywele za mbele ziliota vizuri, kisha zikaanza kupotea. Kama zilizopotea ni zako za asili zilizokuwa katikati ya zile za kupandwa, huo ni upara unaoendelea, na ndio unaorudisha watu wengi kwenye meza ya upasuaji. Zungumza na daktari kuhusu finasteridi na minoksidili, dawa za kupunguza kasi ya upara, pamoja na madhara yake, kabla ya kugusa kisogo tena. Lakini kama ni zilezile zilizopandwa, na ngozi inawasha, inachonyota au ina wekundu kuzunguka vinyweleo, yapo maradhi ya ngozi yanayoua vishina na kuacha kovu. Hayo huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima. Ukipanda juu ya maradhi hayo yakiwa hai, unatupa pesa na kisogo kwa pamoja.

Mimi kilichonisaidia mwisho ni mambo mawili madogo. Walipanda vishina vichache ndani ya ule mstari, kwa nafasi, kwanza sehemu ndogo ya majaribio, kwa sababu kovu lina damu kidogo na si vyote vinashika. Kisha nikachorwa nukta za wino kisogoni kote, zinazofanana na nywele zilizonyolewa. Wino hufifia, lazima urudie baada ya muda, na mchoraji akiuchimbia chini sana rangi inageuka kibuluu, kwa hiyo tafuta mtu wa kazi hiyo hasa. Mchora tatuu wa kawaida hafai.

Kuhusu punguzo: usijibu bado. Subiri mwaka utimie tangu ule wa kwanza, maana hata kisogo huwa kinapukutika kwa mshtuko na kurudi baadaye, ukikihukumu mapema utakosea. Wakati huo waandikie wakupe kwa maandishi idadi ya vishina walivyotoa, kipenyo cha kitobozi, na makadirio ya vilivyobaki. Wakikataa, umeshajua. Na zile picha ulizotuma ni za nywele ndefu, kavu, ndani ya chumba chenye giza. Nenda kwa kinyozi apite namba moja nyuma, lowesha, simama karibu na dirisha mchana, mtu akupige picha za kisogo na pande zote mbili juu ya masikio, uzitume hapa tuone.